Cheti, Mkataba au Lalamiko Geneva: Chama cha Wafanyakazi Kichague Njia Ipi?

Chama cha wafanyakazi kinachotaka kubadilisha hali ya kazi katika kiwanda cha nguo cha Athi River, shamba la maua la Arusha au shamba la chai la Kericho kina njia kadhaa za kudai haki, na njia hizo hazilingani. Kinaweza kuwashinikiza wanunuzi wa Ulaya na Marekani wadai kiwanda kikaguliwe na kupewa cheti. Kinaweza kushirikiana na vyama vya kimataifa kutia saini makubaliano yanayowafunga wanunuzi hao kisheria. Kinaweza kupeleka lalamiko Geneva, kwenye Shirika la Kazi Duniani, ILO, au kutumia masharti ya kazi yaliyomo ndani ya mikataba ya biashara kati ya nchi na nchi. Na kinaweza, kama vyama vilivyofanya tangu zamani, kukaa mezani na mwajiri na kutia saini mkataba wa hali bora.

Viwango vinavyodaiwa katika njia zote hizi ni vilevile. Azimio la ILO la mwaka 1998, lililopanuliwa mwaka 2022, linataja misingi mitano: uhuru wa kuunda vyama na majadiliano ya pamoja, kukomesha kazi ya kulazimishwa, kukomesha ajira ya watoto, kukomesha ubaguzi kazini, na mazingira ya kazi yaliyo salama kiafya. Mkataba Na. 182 wa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya kabisa za ajira ya watoto umeridhiwa na nchi zote wanachama tangu Agosti 2020. Kwa maandishi, basi, dunia imekubaliana kwa sehemu kubwa. Tofauti ziko kwenye utekelezaji, na anayechagua njia anapaswa kuuliza mambo manne kuhusu kila moja: nani ametia saini, nani anakagua, nani anaumia ahadi ikivunjwa, na mfanyakazi atasubiri muda gani kabla ya kuona badiliko lolote. Fedha za chama ni ada za watu wenye mishahara midogo, na viongozi wa matawi hufanya kazi za chama baada ya zamu zao. Kuchagua njia isiyofaa kunaweza kumaliza nguvu hiyo yote bila mlango mmoja wa dharura kufunguliwa.

Ukaguzi wa hiari na vyeti

Hii ndiyo njia inayopendwa zaidi na waajiri na wanunuzi. Mnunuzi huandika kanuni zake za maadili, kampuni ya ukaguzi hutumwa kiwandani, na kiwanda kikifaulu hupata cheti au nembo. Cheti cha SA8000, kilichoanzishwa mwaka 1997, kilihesabiwa miongoni mwa vile vyenye masharti makali kwa sababu kilijengwa juu ya mikataba ya ILO yenyewe. Kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises, mtaa wa Baldia mjini Karachi, kilipewa cheti hicho, na wiki chache baadaye, tarehe 11 Septemba 2012, kiliungua. Madirisha yalikuwa na nondo, milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na zaidi ya watu 250 waliteketea au kukosa hewa ndani yake.

Haitoshi kusema kwamba mkaguzi alikuwa mzembe. Mpango wenyewe una kasoro, kwa sababu mara nyingi gharama ya ukaguzi hulipwa na kiwanda kinachokaguliwa au na mnunuzi anayetaka bidhaa zake zipite bila maneno, na ripoti huwa mali ya aliyelipa. Wafanyakazi hawaioni. Chama chao hakishauriwi, na mara nyingine hata hakitajwi.

Anayefanya kazi kiwandani huijua siku ya ukaguzi mapema kuliko mkaguzi anavyodhani. Glavu na barakoa ambazo stoo ilikuwa ikisema zimekwisha hugawiwa asubuhi. Maboksi yaliyokuwa yakiziba mlango wa dharura hupakiwa kwenye lori na kuondolewa, vibarua wasio na mikataba huambiwa wabaki nyumbani, na daftari la mahudhurio linalowekwa mezani silo lile ambalo karani wa mishahara huandikia saa za ziada. Mfanyakazi anayechaguliwa kuhojiwa huitwa ofisini mbele ya macho ya msimamizi wake, na kila aliye kwenye mashine huona ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Ni mtu gani mwenye watoto wa kulisha atakayesema, katika hali hiyo, kwamba hulazimishwa kufanya kazi Jumapili?

Sisemi kwamba ukaguzi haujasaidia popote. Mambo yanayoonekana kwa macho, kama vyoo, maji ya kunywa, vifaa vya kuzimia moto na watoto kwenye mashine, yameboreka katika viwanda vingi kwa sababu ya hofu ya mkaguzi. Mpango wa Fairtrade katika maua una faida moja ya ziada, kwa kuwa mnunuzi hulipa fedha ya nyongeza ambayo kamati ya wafanyakazi huamua matumizi yake, na katika mashamba ya Naivasha fedha hiyo imelipia karo za shule na huduma za afya. Lakini mambo yanayotendeka faraghani huwapita wakaguzi kabisa. Uchunguzi wa BBC uliotangazwa Februari 2023 ulionyesha wasimamizi katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho wakiwadai wanawake ngono ili wapewe kazi au waondolewe kwenye kazi ngumu, na mashamba hayo yalikuwa ya kampuni zilizozoea kuonyesha vyeti. Unyanyasaji wa aina hiyo hauandikwi kwenye daftari lolote.

Kwa chama, basi, cheti hakifai kuwa lengo. Kinafaa kuwa ushahidi. Kampuni iliyotangaza mbele ya wateja wake kwamba kiwanda fulani kinafuata viwango imejiwekea kipimo, na chama chenye hati za malipo za wanachama wake kinaweza kuonyesha palipo na uongo.

Makubaliano yanayomfunga mnunuzi

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la ghorofa nane la Rana Plaza, huko Savar karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134, na zaidi ya 2,500 walijeruhiwa. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa. Washonaji wa nguo waliokuwa ghorofa za juu waliamriwa waingie kazini, baadhi yao wakitishiwa kukatwa mshahara, na viwanda vilivyowaajiri havikuwa na chama cha wafanyakazi ambacho kingeweza kusema kwa niaba yao kwamba hawaingii. Baadhi ya viwanda hivyo vilikuwa vimekaguliwa kwa niaba ya wanunuzi, lakini ukaguzi wa masharti ya kazi haukugusa uimara wa jengo.

Kilichofuata Bangladesh kinampa anayelinganisha nafasi adimu, kwa sababu mwaka uleule, nchi ileile na sekta ileile zilipata mipango miwili tofauti. Wa kwanza ulikuwa Mkataba wa Usalama wa Moto na Majengo, unaojulikana kama Accord, uliosainiwa Mei 2013 kati ya makampuni ya nguo, hasa ya Ulaya, na mashirikisho mawili ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI Global Union, pamoja na vyama vya Bangladesh. Makampuni zaidi ya 200 yalijiunga. Wa pili, Alliance, ulianzishwa Julai 2013 na makampuni ya Amerika Kaskazini, Walmart na Gap yakiwamo, bila chama cha wafanyakazi kutia saini kama mshirika.

Mipango yote miwili ilikagua viwanda na yote ilisababisha matengenezo ya kweli. Asiyekubali hilo hawatendei haki wahandisi waliofanya kazi hiyo. Tofauti iko kwenye kile ambacho mfanyakazi angeweza kudai. Chini ya Accord, vyama vilikuwa na viti sawa na makampuni katika kamati ya uongozi, huku ILO ikitoa mwenyekiti asiyeegemea upande. Wakaguzi waliajiriwa na mpango wenyewe, ripoti za kila kiwanda zilichapishwa ili kila mtu azisome, na mfanyakazi alikuwa na haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliona kuwa la hatari bila kupoteza mshahara wake. Kampuni iliyotia saini ilipaswa kuhakikisha kiwanda kinapata uwezo wa kifedha wa kujirekebisha, na kuacha kununua kwa kiwanda kilichokataa. Zaidi ya yote, kampuni iliyovunja ahadi ingeweza kushtakiwa mbele ya wasuluhishi. Hili halikubaki kwenye karatasi: mwaka 2016 IndustriALL na UNI zilifungua mashauri mawili dhidi ya makampuni makubwa ya nguo kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na moja kati yake lilimalizwa mapema mwaka 2018 kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 2.3 za Marekani. Hakuna mpango wa hiari uliowahi kuitoza kampuni fedha za aina hiyo kwa kuchelewesha matengenezo ya kiwanda kisicho chake.

Alliance ilifungwa mwaka 2018 muda wake ulipokwisha. Accord iliendelezwa, mwaka 2020 kazi zake nchini Bangladesh zilihamishiwa chombo cha ndani, mwaka 2021 yakasainiwa makubaliano mapya ya kimataifa, na tangu mwaka 2023 mpango huo umefika Pakistan, nchi ambayo moto wa Karachi uliiacha na yatima na wajane wasioamini tena neno cheti.

Afrika nayo ina mfano, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kusomwa kwa makini zaidi na vyama vya Afrika Mashariki. Nchini Lesotho, uchunguzi wa shirika la Worker Rights Consortium katika viwanda vya kampuni ya Nien Hsing ulibaini kwamba wasimamizi waliwalazimisha wanawake washonaji kulala nao ili mikataba yao ya muda iongezwe. Viwanda hivyo vilikuwa vikikaguliwa. Mwezi Agosti 2019 vyama vya wafanyakazi na mashirika ya haki za wanawake ya Lesotho yalifikia makubaliano na kiwanda na wanunuzi wake wakuu, Levi Strauss, The Children's Place na Kontoor Brands. Chombo huru kilipewa mamlaka ya kupokea malalamiko, kuchunguza na kuamua adhabu, hadi kumfukuza msimamizi kazi, na wanunuzi walijifunga kupunguza oda iwapo kiwanda kingekataa kutekeleza uamuzi. Mwanamke aliyekuwa akiogopa kulalamika kwa meneja ambaye ni rafiki wa mnyanyasaji wake alipata mahali pengine pa kupiga simu, na mahali hapo palikuwa na meno. Makubaliano yanayofanana na hayo yalifikiwa mwaka 2022 huko Dindigul, Tamil Nadu, baada ya kuuawa kwa binti mmoja mshonaji.

Njia hii ina mipaka yake. Accord ilihusu usalama, haikugusa mshahara. Kima cha chini cha washonaji wa Bangladesh kilipanda kutoka taka (fedha ya Bangladesh) 3,000 hadi 5,300 kwa mwezi mwishoni mwa 2013, kikawa 8,000 mwaka 2018 na 12,500 mwaka 2023, na kila ongezeko liliamuliwa na bodi ya mishahara ya serikali baada ya maandamano. Mwaka 2023 wafanyakazi walikuwa wakidai taka 23,000, na baadhi yao walipoteza maisha barabarani wakidai. Mpaka mwingine ni wa kibiashara: makubaliano haya hufaa pale wanunuzi wachache wanapochukua sehemu kubwa ya bidhaa na majina yao yanajulikana. Kiwanda cha nguo kinachoshonea makampuni mawili au matatu ya Marekani kinafaa. Shamba la maua linalouza moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Uingereza au Ujerumani linafaa pia. Lakini maua yanayopita mnadani Uholanzi, na chai inayopita mnada wa Mombasa na kuchanganywa na chai za mashamba mengine kabla ya kufika dukani, hupoteza jina la mzalishaji njiani, na ni vigumu kumfunga mnunuzi asiyejua, au anayedai hajui, majani yake yalichumwa wapi.

Lalamiko Geneva

ILO ilianzishwa mwaka 1919, na ni chombo pekee cha Umoja wa Mataifa ambamo vyama vya wafanyakazi na vya waajiri hupiga kura pamoja na serikali. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kudhani kwamba Geneva humshtaki mwajiri. Anayejibu pale ni serikali. Kiwanda kisicholipa saa za ziada hakitaitwa Geneva, lakini serikali iliyokataa kusajili chama, iliyokamata viongozi wa mgomo halali au iliyoacha sheria zake za kazi bila wakaguzi inaweza kulazimika kujieleza.

Kwa kosa la namna hiyo, hakuna njia yenye gharama ndogo kuliko hii. Kamati ya Uhuru wa Kujumuika, iliyoanza kazi mwaka 1951 na kusikiliza zaidi ya mashauri 3,000, hupokea malalamiko hata dhidi ya nchi ambayo haijaridhia mikataba husika. Jambo hili ni muhimu sana kwa Kenya, ambayo imeridhia Mkataba Na. 98 wa majadiliano ya pamoja lakini si Na. 87 wa uhuru wa kujumuika, tofauti na Tanzania iliyouridhia mwaka 2000 na Uganda mwaka 2005. Mtu mmoja mmoja hawezi kulalamika. Lalamiko hutoka kwa chama au shirikisho. Chama cha taifa kinachohusika moja kwa moja kinaweza kuandika chenyewe, ingawa barua yenye sahihi ya shirikisho la taifa au la kimataifa husukumwa kwa nguvu zaidi.

Udhaifu wake ni muda na ukosefu wa adhabu. Ibara ya 33 ya Katiba ya ILO, inayoruhusu hatua dhidi ya nchi iliyokaidi, ilitumiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 dhidi ya Myanmar kwa ajili ya kazi ya kulazimishwa, zaidi ya miaka themanini baada ya shirika kuanzishwa. Hata hivyo historia ya Qatar inaonyesha kwamba aibu ya kimataifa, ikija wakati unaofaa, huzaa sheria. Mwaka 2014 wajumbe wa wafanyakazi katika mkutano mkuu wa ILO waliwasilisha lalamiko kuhusu wafanyakazi wa kigeni waliokuwa wakijenga nchi hiyo kabla ya Kombe la Dunia la 2022. Wafanyakazi hao, Wakenya na Waganda wengi wakiwamo katika ulinzi na kazi za nyumbani, hawaruhusiwi kuunda vyama, kwa hiyo hawakuwa na meza ya majadiliano wala uwezo wa kugoma. Lalamiko lilifungwa Novemba 2017 kwa makubaliano ya ushirikiano, na mwaka 2020 zikatungwa sheria zilizoondoa sharti la kupata kibali cha mwajiri kabla ya kubadilisha kazi na kuweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula kama mwajiri hatoi, kwa watu wa mataifa yote na sekta zote, kazi za nyumbani zikiwamo. Utekelezaji wake una mapengo makubwa, na mishahara isiyolipwa imeendelea kuwa kilio. Lakini msichana wa kazi kutoka Kisumu au Mbale aliyeko Doha leo ana sheria ya kuishika mkononi, ambayo dada yake wa mwaka 2014 hakuwa nayo.

Masharti ya biashara

Njia hii ndiyo yenye nguvu kubwa na hatari kubwa kuliko zote, na ninawaomba viongozi wa vyama waipime mara mbili.

Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 iliziruhusu nchi za Afrika kuuza nguo bila ushuru kwa masharti kadhaa, moja likiwa kuheshimu haki za wafanyakazi. Swaziland, ambayo sasa inaitwa Eswatini, ilifuta usajili wa shirikisho la vyama mwaka 2012 na kuendelea kuwabana viongozi wake. Tangu 1 Januari 2015 ikaondolewa katika mpango huo. Shinikizo lilifanya kazi, kwani shirikisho lilisajiliwa mwaka huohuo na nchi ikarudishiwa nafasi yake kuanzia 2018. Lakini katika miaka hiyo viwanda vilifungwa, na waliopoteza kazi walikuwa washonaji walewale ambao haki zao ndizo zilizokuwa zikidaiwa. Serikali ilikosea, mfanyakazi akalipa. Isitoshe, AGOA ni zawadi inayotolewa na kuondolewa Washington kwa sababu zinazoweza kuwa mbali kabisa na hali ya kazi. Muda wake uliowekwa mwaka 2015 ulifika ukingoni Septemba 2025, na viwanda vya Athi River vilikaa na wasiwasi ambao hakuna chama cha wafanyakazi kilichousababisha wala kingeweza kuuondoa.

Adhabu inaweza pia kuelekezwa mahali pasipouma. Marekani iliiondolea Bangladesh nafuu ya ushuru Juni 2013, baada ya Rana Plaza, ilhali nguo hazikuwamo katika nafuu hiyo tangu mwanzo, hivyo wenye viwanda vya nguo hawakupoteza chochote cha maana. Au inaweza kuchelewa hadi ikose maana: lalamiko dhidi ya Guatemala chini ya mkataba wa biashara huru wa Amerika ya Kati lilipelekwa na vyama vya wafanyakazi mwaka 2008, na jopo likatoa uamuzi mwaka 2017, tena kwa kuipa Guatemala ushindi kwa kuwa haikuthibitishwa kwamba makosa yake yaliathiri biashara kwa namna mkataba ulivyotaka.

Iko miundo iliyo bora. Mkataba wa nguo kati ya Marekani na Cambodia wa mwaka 1999 ulitumia tuzo badala ya adhabu: nchi iliongezewa mgao wa mauzo kadiri viwanda vilivyoboresha hali ya kazi, na wakaguzi walikuwa wa ILO. Ulifaa hadi mfumo wa migao wa dunia ulipokoma mwisho wa 2004. Muundo mwingine ni wa mkataba wa Marekani, Mexico na Kanada ulioanza 2020, unaolenga kiwanda kimoja badala ya nchi nzima. Katika kiwanda cha magari cha General Motors huko Silao, Mexico, lalamiko lilifunguliwa Mei 2021. Februari 2022 wafanyakazi walikuwa wamekwisha kupiga kura na kuchagua chama kipya wanachokiamini, na Mei mwaka huo wakapata nyongeza ya asilimia 8.5. Mwaka mmoja, kiwanda kimoja, bila mshonaji wa mji mwingine kupoteza kazi. Mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika 1 Julai 2024, una sura yenye ahadi za haki za kazi, lakini hauna utaratibu wa haraka wa namna hiyo, na vyama vya Kenya vina sababu nzuri ya kuudai kila mara mazungumzo ya biashara yanapofunguliwa.

Mkataba wa hali bora

Njia zote zilizotangulia zinamtegemea mtu wa mbali. Mkataba wa hali bora, ambao Kenya hujulikana zaidi kama mkataba wa pamoja, unawategemea wanachama. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakipa chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi haki ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, na mkataba ukishasainiwa unawafunga wahusika. Nchini Kenya, haki ya kuunda chama, kujadiliana na kugoma imo katika Ibara ya 41 ya Katiba ya 2010, na mkataba huanza kufanya kazi baada ya kusajiliwa mahakamani. Wafanyakazi wa maua wa Kenya wamekuwa na mkataba wa namna hii kati ya chama chao cha mashambani, KPAWU, na umoja wa waajiri wa kilimo.

Ni njia pekee kati ya hizi inayopanga mshahara moja kwa moja na mwajiri. Pia ndiyo inayoweza kuandika mambo ambayo hakuna mkaguzi wa kigeni atakayeyafikiria: saa ngapi zipite kati ya kupulizia dawa na wachumaji kuingia kwenye kitalu nyumba, basi la zamu ya usiku limfikishe mfanyakazi hadi wapi, kibarua afanye kazi misimu mingapi kabla ya kuhesabiwa wa kudumu. Udhaifu wake ni kwamba hauna nguvu mahali ambapo wengi ni vibarua wa wakala wa ajira wanaoogopa hata kuchukua fomu ya chama, na mwajiri anayekataa kutambua chama anaweza kuvuta mambo kwa miaka.

Uchaguzi

Kama tatizo ni mshahara, saa za ziada au likizo, nguvu ya kwanza ipelekwe kwenye uanachama na mkataba wa hali bora, kwa sababu hakuna njia nyingine iliyowahi kuleta hayo kwa uhakika. Kama tatizo ni jengo, moto, kemikali au unyanyasaji wa kingono, na kiwanda kinauza kwa wanunuzi wachache wanaojulikana, naona makubaliano ya mfano wa Lesotho yana nafasi kubwa kuliko lalamiko lolote, na hayazuii mkataba wa hali bora uendelee kujadiliwa. Kama anayezuia chama ni serikali yenyewe, barua iende Geneva mapema, kwa kuwa kumbukumbu ya lalamiko hilo itahitajika baadaye na kila atakayelipeleka suala kwenye mkataba wa biashara. Masharti ya biashara yaguswe mwishoni, na pale tu adhabu inapoweza kulenga kiwanda au pale wanachama wenyewe, baada ya kuelezwa kwamba kazi zinaweza kupotea, wamepiga kura kukubali. Kwa mashamba ya chai na maua yanayopita mnadani, ambako mnunuzi hafungiki, mkataba wa hali bora na mkaguzi wa serikali ndivyo vilivyobaki, na cheti cha shamba kitumike kumuumbua mwajiri anayedanganya.

Njia yoyote itakayochaguliwa itahitaji karatasi, na karatasi hukusanywa kabla ya mgogoro. Katibu wa tawi anayehifadhi nakala za hati za malipo za wanachama, picha za lebo zinazoshonwa kwenye kila oda, majina ya wanunuzi yaliyobandikwa kwenye maboksi na tarehe za ajali zilizoandikwa siku ileile ataweza kuzungumza na kampuni iliyoko Marekani, na kamati iliyoko Geneva, na meneja wa hapohapo. Na wakati barua hizo zinasubiri majibu, muda wa sheria za nyumbani hausimami: nchini Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, na madai mengine ndani ya siku 60. Mwanachama aliyefukuzwa Jumatatu apelekwe kwenye ofisi ya Tume wiki hiyohiyo, hata kama kesi ya chama chake tayari iko mbele ya wanunuzi.